Mama Asiye na Mtu

"Umemkata mama yako kichwa!"

Msusi alishusha kamera, akacheka.

"Nimemkata wapi? Ni kilemba tu kimetoka nje."

"Kilemba nacho ni kichwa. Rudi nyuma kidogo. Na usimweke katikati, hii si picha ya kitambulisho. Msogeze pembeni, umwachie nafasi upande anaotazama. Macho yanataka pa kwenda."

Mama, aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, aliguna.

"Nyie watoto, sufuria yangu inaungua jikoni, na mimi mmenikalisha hapa kama mzigo usio na mwenyewe."

"Vumilia, mama mkwe. Mwanao anajifunza."

Mpiga picha huyu mtaa mzima ulimwita Fleshi. Studio yake ilitazamana na saluni ambamo Msusi alisuka nywele za watu, na mapenzi yao yalianzia hapo, mmoja mlangoni huku, mwingine mlangoni kule. Alishamvisha pete ya uchumba. Kila Jumapili alikuja kula kwao, na baada ya kula alimkabidhi Msusi kamera.

"Fungua lenzi zaidi, ukuta wa nyuma ufifie, uso ubaki," alielekeza. "Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Jicho likiwa na ukungu, picha imekufa."

"Na aiso?"

"Ishushe. Mwanga wa dirisha unakutosha. Ukiipandisha bila sababu, picha itajaa chenga."

Msusi alilenga. Uso wa Mama ulikuwa umekaza, wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Akamuuliza polepole:

"Mama, hivi baba alikuwa anakuitaje mkiwa wawili?"

Mama aligeukia dirishani. Midomo ikaanza kutabasamu, macho yakakataa. Msusi akabonyeza.

Fleshi aliichukua kamera, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Vipi, nimeharibu?"

"Hapana," alisema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Si mbaya."

Wiki kadhaa baadaye, mteja aliyekuwa anasukwa alimwinulia Msusi simu.

"Dada, huyu si mama yako?"

Lilikuwa tangazo la maonyesho ya picha yaliyokuwa yanafanyika mchana uleule. Uso wa Mama ulikuwa umejaza kioo kizima. Chini yake paliandikwa: *Mama Asiye na Mtu. Mshindi wa kwanza. Picha imepigwa na Fleshi.*

Msusi aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nje kupiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Si nilikuaga? Niko safari, napiga picha za harusi. Mtandao wa huku unasumbua."

Nyuma yake kipaza sauti kilinguruma: "Mshindi wetu wa picha bora, tafadhali sogea mbele!"

Simu ikakatwa.

Alipofika nyumbani hakujua aanzie wapi, akamwonyesha Mama lile tangazo. Mama alilisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Kisha akainuka.

"Ngoja nivae viatu."

"Mama, bora niende peke yangu."

"Uso ni wangu. Nitakwenda kuuona."

Ukumbini, ile picha ilitundikwa ukutani, kubwa kama mlango. Fleshi alisimama mbele yake ndani ya suti mpya, akizungumza.

"Mama huyu nilimkuta barabarani. Watoto wake walimtelekeza. Nikamnunulia chakula, nikakaa naye, ndipo akaniamini nimpige picha..."

Wanawake wawili walikuwa wanafuta machozi. Mmoja wao aligeuka, akamwona Mama amesimama mlangoni. Akaitazama picha, akamtazama Mama, akamgusa mwenzake. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, mpaka ukumbi wote ukawa unamtazama.

"Mwanangu," Mama aliuliza bila kupaza sauti, "mimi nimetelekezwa lini?"

Mfadhili wa maonyesho, mwanamke mwenye mvi na miwani, alimgeukia Fleshi.

"Unamfahamu huyu?"

Fleshi alimtazama Msusi. Bado angeweza kuokoa kila kitu kwa neno moja. Msusi alimwombea hilo neno moyoni.

"Ndiye yule mama niliyewasimulia," alisema Fleshi. "Amechanganyikiwa kidogo. Mumvumilie."

Watu wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja alimsogelea Mama, akamtia noti kiganjani, akamfumba vidole. Mama aliitazama, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Mimi nimekula. Na huyo Jumapili alikula kwangu, akaongeza sahani ya pili."

Hapo Msusi akashindwa kujizuia.

"Mimi ni mchumba wake!" Aliinua mkono wenye pete. "Huyu ni mama yangu mzazi, na hiyo picha nimepiga mimi!"

"Ni kweli?" Mfadhili aliuliza.

Fleshi alinyoosha koti la suti. "Kamera ni yangu," alijibu.

Kila mtu akaelewa. Mfadhili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mambo ya nyumbani yakamalizwe nyumbani," alisema. "Tuendelee na ratiba."

Muziki ukaongezwa. Msusi alimshika Mama mkono, wakatoka.

Kesho yake meseji zilimiminika.

*Nisamehe. Shetani alinipitia.*

*Nimefundisha watu miaka, sijawahi kupiga picha kama ile. Wewe ulishika kamera juzi tu. Niliona wivu, mpenzi.*

*Nakuja na baba mdogo.*

Walikuja. Baba mdogo alikaa kwenye ncha ya kiti, aibu imemjaa.

"Shemeji, tumekuja kuomba radhi," alimwambia Mama. "Kijana amekosa."

"Kwa ushindi ule wananipeleka nje kusoma," Fleshi alidakia. "Nikisema ukweli sasa hivi, nafasi inakwenda. Nisubirini nirudi. Nikirudi nitatangaza, naapa."

"Piga sasa," alisema Msusi.

"Nimpigie nani?"

"Mfadhili. Mwambie picha si yako na mama huyu ana mtu. Ukimaliza, pete inabaki kidoleni. Sitakuuliza tena mpaka tunazeeka."

Fleshi alitoa simu. Aliigeuza mkononi, akaitazama, akaigeuza tena. Mwishowe akairudisha mfukoni.

Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Nimekusamehe," Mama alisema. "Sikutaka kulala na kinyongo, na wewe umekula sana humu ndani. Lakini binti sikupi."

Msusi alivua pete, akamwekea baba mdogo mkononi. Fleshi aliruka kutoka kitini.

"Na kamera nani alikufundisha? Kabla yangu ulijua nini? Si mimi niliyekushika hiyo mikono?"

"Ni wewe."

"Sasa?"

"Ndiyo maana inauma. Ungekuwa mtu baki, ningekutukana, nikalala usingizi."

Walipoondoka, Mama alifunga mlango. Msusi alikaa sakafuni, akalia kwa sauti. Mama hakumnyamazisha. Alikaa kando yake, akamlaza kichwa mapajani.

"Nilimpenda, mama."

"Najua. Hata mimi nilishamzoea, mwanangu."

Mwezi uliofuata Fleshi alipanda ndege. Ile picha aliondoka nayo, na maneno ya chini yake hayakubadilishwa hata herufi.