Mchumba Wangu Alivyolichafua Gemu Letu

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Suguti, naishi Iringo hapa Musoma. Sijaolewa. Nilikaribia sana kuolewa... lakini hayo mtayasikia.

Ndugu zangu wasomaji, kila nikikutana na vijana wanaopenda gemu wananiuliza swali lilelile. Kwa nini gemu lenu linachezwa kwenye konsoli tu, zile mashine za kuchomeka kwenye TV? Sisi wenye kompyuta tumewakosea nini? Mnaringa? Huwa natabasamu tu na kubadilisha mazungumzo. Leo nimechoka kutabasamu.

Gemu hilo nililitengeneza na mdogo wangu, Bwire. Yeye aliandika programu, mimi nilichora picha, na jina langu, Nyamisi, na namba yangu ya simu tukaviweka juu yake. Ni hadithi ya mama anayemtafuta mwanaye ziwani, ndani ya ukungu. Sauti ya yule mama ni ya mama yetu mzazi! Tulimrekodi kule Suguti akiimba kwa Kijita huku anasafisha furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kazi hiyo ilitula miaka. Hatukuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani.

Wakati huo nilikuwa na mchumba anaitwa Mafuru, fundi wa simu na kompyuta mjini Bunda. Mpole, mcheshi, hana makuu. Ng'ombe wa mahari walishafika nyumbani na wazee walishakula pamoja. Mama alimwitaga "mwanangu" hata kabla ya ndoa.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Mwanzo tulilitengeneza kwa ajili ya kompyuta. Konsoli za aina moja zinafanana. Gemu likikubali kwenye moja, litakubali na kwenye nyingine. Kompyuta haziko hivyo, kila moja ina tabia yake! Kwa Bwire gemu lilicheza vizuri, kwangu likagoma, kwa jirani likaleta picha bila sauti. Tungepata wapi kompyuta za kila aina za kujaribia? Nikasema, kwa Mafuru! Ofisi yake imejaa kompyuta za wateja.

Bwire alisita sana. "Dada, hiki kitu kikitoka mkononi mwetu hakina kufuli. Mtu akikinakili, kimekwenda."

Nikamjibu kwa hasira, "Huyo siyo mtu wa mtaani, Bwire. Huyo ni shemeji yako!"

Nikampelekea Bunda mwenyewe kwenye flashi. Mafuru akaapa kwa jina la Mungu kwamba halitatoka ofisini kwake.

Kisha ukaja ujumbe wa kwanza, kutoka kwa mtu nisiyemfahamu kabisa. Alisema tangu aweke gemu letu, taa ya kamera ya kompyuta yake inawaka yenyewe. Gemu gani? Tulikuwa hatujalitoa! Nilimwonyesha Bwire. Alisoma, akafunga kompyuta yake polepole.

Mwingine akaandika kwamba feni ya kompyuta inavuma kwa nguvu hata akiwa hajaigusa. Halafu mwingine akaandika maneno mawili tu: "Mnatuangalia?" Nani alikuwa anaangalia? Na kwa nini kwa jina langu?

Nilimpigia Mafuru, akacheka. "Watu wa mtandaoni waongo hao, mpenzi, achana nao." Lakini tangu siku ile simu zake zikawa fupi... na kicheko chenyewe hakikuwa kile nilichokizoea.

Ndipo akaja nyumbani Mwalimu Nyangeta. Ni mjane, anafundisha Butiama, ila zamani alinifundishaga Suguti. Alikataa kiti, akakataa hata maji. Aliweka kompyuta yake mezani akaiwasha. Picha zote za marehemu mume wake, na video zenye sauti yake, zilikuwa zimefungwa. Ukibonyeza, yanatokea maandishi mekundu tu. Mwalimu mwenzake alilipakua gemu mtandaoni akampa. Naye aliliweka kwa sababu aliona jina langu, akafurahi kwamba mwanafunzi wake amefika mbali!

"Nyamisi mwanangu," alisema, "nilikukosea nini?"

Bwire alihangaika na ile mashine mpaka macho yakamvimba. Hakuna kilichofunguka.

Kesho yake nilienda Bunda bila kuaga mtu. Nilipofika mlangoni kwa Mafuru nikamsikia mzee mmoja, mteja, akimwambia, "Fundi, niwekee na lile gemu la mchumba wako." Mafuru akachomeka flashi yangu, vilevile kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai! Alipoinua kichwa akaniona, akaichomoa flashi haraka.

"Nilikuwa nakutangaza tu," alisema. "Watu walilipenda, ndiyo nikaliweka mtandaoni. Sikujua kuna mtu atalichukua na kulitia virusi."

Labda hilo ningemsamehe. Lakini nilizidi kumbana, akakiri kwamba wateja wake wawili, waliolipakua mtandaoni, walishamletea kompyuta zilizofungwa kama ya mwalimu. Alijua! Alijua wakati ananichekea kwenye simu. Alinyamaza ili ofisi yake isipate jina baya. Na jina langu je?

Ng'ombe walirudishwa. Mama alisimama uani akiwaangalia wakiswagwa, chakula cha siku ile hakukigusa. Kanisani watu waliacha kukaa benchi langu, eti mimi nachungulia majumba ya watu kwa kamera. Bwire alirudi Suguti kulima mihogo, na kwa muda mrefu hakupokea simu zangu.

Baadaye kampuni moja ya nje ikaliomba gemu letu kwa ajili ya konsoli. Bwire alikubali kwa sharti moja tu, lisitolewe kwa ajili ya kompyuta. Nilidhani watashangaa. Wala! Walisema watengenezaji wenzetu wengi hufanya hivyo. Wapo wanaoogopa kuibiwa nakala, wapo wasio na watu wa kulijaribu kwenye kompyuta za kila namna, na wapo waliolipwa na wenye konsoli ili walitoe kwao tu. Walizitaja sababu hizo kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nilikuwa nalia.

Kwa hiyo msiniulize tena, ndugu zangu. Na wewe unayetengeneza chochote, usikitoe mkononi kwa sababu tu unampenda anayekiomba. Mapenzi hayamzuii mtu kunakili.

Ile nakala yenye virusi haijafa. Wiki iliyopita nimeletewa ujumbe kutoka Mwanza, na juzi mwingine kutoka Geita... taa ya kamera, feni, maandishi mekundu. Hatuna namna ya kuirudisha. Ukikutana na gemu la kompyuta, la bure, lenye ukungu na mama anayeimba, na juu yake limeandikwa jina Nyamisi, nakuomba sana. Usilifungue!