Kiti cha Mama na Kitambaa cha Buluu

Fundi baiskeli mmoja, watu wakimwita Spoki, aliishi na mama yake mzazi. Magoti ya mama yalikuwa yamemgomea. Alipenda kukalia kiti cha sponji cha mjukuu wake, chenye pande zote sawa. Kukaa alikaa. Kuinuka ndiyo ikawa kazi, mpaka avutwe mikono.

"Mwanangu, nitengenezee kama hiki, ila kiwe mara mbili," alisema.

Spoki akakata sponji. Urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Mama akamletea kitambaa cha buluu alichonunuliwa na marehemu mumewe. Miaka yote alikionea huruma, hakukishona.

"Kipo hiki tu. Usiniharibie, baba."

Spoki akakipima. Kilitosha kuvika viti viwili vidogo. Basi akajisemea kuwa kitatosha kimoja kikubwa. Akaenda kwa jirani yake, fundi cherehani, kuazima mkasi.

"Wewe na nguo wapi na wapi, shemeji?" jirani alicheka, akamfuata nyumbani kuona. Alipokiona kitambaa, akasema, "Ngoja, usikate."

Akakiweka kile kiti kidogo juu ya kikubwa, pembeni kabisa.

"Hapo juu vinaenea vingapi?"

Spoki akakisogeza. Viwili huku, viwili kule.

"Vinne," alisema, sauti imeshuka.

"Haya. Umeongeza urefu na upana pia, kwa hiyo kila upande umekuwa mara nne. Pande zote sita ni hivyo hivyo. Kitambaa kinatakiwa mara nne, nawe unacho cha mara mbili. Ungekuza kiti mara tatu, kingetakiwa mara tisa."

Spoki akauweka mkasi chini. Angekata vibaya, angemwambia nini mama?

"Sasa?"

"Kinatosha pande tatu. Juu, mbele na nyuma tuweke hiki. Kwingine nitakupa kitambaa cha kaki."

Wakakata taratibu, wakashona pamoja. Jioni mama akakalia kiti chake. Akakipapasa kile kitambaa.

"Baba yako alikuwa na jicho la rangi," alisema.

Alipotaka kuinuka, Spoki akawahi kumpa mkono. Mama hakuushika. Akasimama mwenyewe, akakaa, akasimama tena.

"Mkono huo peleka kwenye baiskeli zako," alisema.

Spoki akacheka huku machozi yakimlengalenga.