Mama Alisema Kula, Wakili Akasikia Kura

Wapendwa, mmewahi kusikia sauti ya mama yenu mzazi ikitoka kwenye spika ya mahakama... huku mama mwenyewe amekaa kando yenu?

Mimi yamenikuta, hapa hapa Kampala.

"Bira kula, hapana pata dawa," ilisema ile sauti.

Nikaganda. Maneno hayo Mama aliyasemea sebuleni kwangu, Kisugu. Siku ile tulikuwa watatu tu: mimi, Mama, na mume wangu Sadik.

Nikageuka. Sadik alikuwa amekaa nyuma ya wakili aliyeileta rekodi ile... anaangalia viatu vyake.

Ngoja niwaeleze msije mkapotea.

Serikali ilianza kutulipia nusu ya bima ya afya sisi wachuuzi na familia zetu. Mama ana kisukari, na insulini anaipata kwa ile kadi ya bima. Bila kadi, hizi sahani za plastiki ninazouza Kikuubo haziwezi kumweka hai.

Sasa Ocira, aliyeshindwa udiwani, akaenda kushtaki. Akadai kwamba mshindi, Hamim, aliigeuza ruzuku ile kuwa hongo: nipe kura, nikupe kadi. Akataka uchaguzi ufutwe na ruzuku isimamishwe, ndiyo maana mimi na Mama tukaenda kuisikiliza kesi.

Yaani watu wafe ili yeye apate kiti! Nilimchukia sana yule mtu.

Wakili wake akasimama, suti inang'aa, akamweleza jaji kuwa mama huyu ni Muganda aliyeolewa na Mnubi, na kwake r na l zinabadilishana. Ndiyo maana "bila" anaiita "bira". Basi akisema "kula"... anamaanisha kura.

Nikasimama bila ruhusa.

"Ana kisukari! Nesi alimwambia kwanza ale, ndipo achome sindano. Ni kula chakula!"

Watu wakacheka. Jaji akaniambia nikae au nitoke.

Wakati wa mapumziko nikambana Sadik kwenye ngazi.

"Umemrekodi mama mkwe wako?"

"Habibah, nielewe... Ocira ameniahidi kazi."

"Kazi gani?"

"Nimwendeshee gari lake."

"Basi leo lala kwenye hilo gari. Kwangu usirudi."

Tuliporudi ndani, jaji akaamua kumuuliza Mama mwenyewe. Nikamnong'oneza aseme neno moja tu, chakula. Akanipapasa mkono, nikadhani ameogopa.

Jaji akauliza, mkalimani akatafsiri: siku ile ulimaanisha kula, au kuchagua?

Mama akakaza mkanda wa gomesi, lile gauni lake la Kiganda.

"Ile ya kidole na wino, ssebo. Watu ya Hamim walishika kadi yangu mpaka niliapa nitamchagua."

Jamani...

Mimi nimegombana na wakili, nimemfukuza mume, nimepayuka mbele ya jaji, yote kwa ajili ya chakula ambacho Mama hakukitaja kabisa! Niliona aibu, halafu nikaona hofu.

Nje nikamuuliza kwa hasira kwa nini amejikatia dawa kwa mdomo wake.

"Waliniuliza, mwanangu," akasema. "Niliapishwa. Nijibu nini?"

Nikalia pale pale, sikujali nani ananitazama.

Hukumu ilipotoka, uchaguzi ukafutwa. Ruzuku nayo ikasimamishwa mpaka ichunguzwe. Hospitali ikaikataa kadi ya Mama siku ile ile. Nimekopa kwa kila mtu ninayemjua Kikuubo, na sasa wakiniona wanajifanya wanaongea na simu.

Unadhani yaliishia hapo?

Jana Sadik alikuja. Alisimama mlangoni, amevaa fulana mpya yenye sura ya Ocira kifuani. Nikadhani amekuja kuomba msamaha, na niwaambie ukweli, moyo wangu ulikuwa umeanza kulegea.

"Mama, mheshimiwa anakusalimia," akasema kwa adabu zote. "Uchaguzi wa marudio mkimpa yeye, kadi zinarudi."

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imevimba. Akainua kichwa taratibu.

"Na tukimnyima?"

Sadik alitazama chini, kama siku ile mahakamani.

Nikamfungia mlango usoni.

Somo langu ni hili, na mnitukane mkitaka. Dawa ya mgonjwa ikishaingia mfukoni mwa mwanasiasa, usihangaike kuuliza ni wa chama gani. Nilikuwa namchukia Ocira na kumtetea Hamim, kumbe wote walikuwa wanamshika Mama pale pale panapomuuma.

Kwenye kesi ile Ocira alikuwa na wakili, Hamim alikuwa na wakili, serikali ilikuwa na mawakili wake. Wagonjwa ndio hawakuwa na mtu.

Kama wewe ni wakili na umesoma mpaka hapa, njoo inboksi. Mama bado anapumua.