Ndoo Tatu Mkiani

Pua ya ndege iliinuka. Peniel alisukuma usukani mbele kwa nguvu zote, lakini ndege ilizidi kutazama mbinguni. Ikaishiwa kasi, ikalala ubavu, ikaangukia vichaka vya Itigi.

Alipozinduka alinusa petroli. Kisha asali. Mkia ulikuwa umepasuka, na ndani yake zilibanana ndoo tatu.

"Bona, hizi za nani?"

Bonaventura, mwenzake wa karakana kwa miaka minne, alishika paja lililochanwa na bati. "Za kuuza Manyoni. Kilo sitini tu, ndugu yangu."

"Tu?"

Ndege yao waliiunda wenyewe, wakiiga ndege ya kivita ya Kisovieti ya mwaka 1923, yenye bawa moja la chini wakati nyingi zikiruka na mawili, moja juu ya jingine. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito nyuma mno. Ilipaa mita ishirini hivi, pua juu, ikaanguka. Warusi wakajifunza, wakasogeza uzito mbele. Peniel alimsimulia Bona hayo mara nyingi: mkiani isiwekwe hata kandambili. Leo, petroli ya tangi la mbele ilipopungua, ndoo zikashinda.

Maji yalikuwa nusu lita. Reli ilikuwa kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa mwenye miguu miwili mizima.

Peniel alipaka jeraha asali, akalifunga kwa shati lake. "Usiilambe. Itakukausha koo."

Akambeba mgongoni. Vichaka vilisongamana hata jua lisionekane vizuri, miiba ikamchana kifua. Siku ya pili maji yaliisha.

"Niache, Peni."

"Nikuache uitwe shujaa? Nyamaza, nasikiliza."

Honi ya treni ililia mbali, upande wa kulia. Akageukia huko.

Alasiri walifika kwenye tuta la reli. Kiberenge cha mafundi wa reli kilisimama, mzee mmoja akashuka.

"Shikamoo, mzee," Peniel alisema kwa midomo iliyopasuka.

"Marahaba. Mmepatwa na nini?" Mzee alimpa chupa ya maji.

Bonaventura alimtangulia kujibu. "Ndege yake ilikuwa na kosa kwenye michoro, mzee. Nilimwonya."

Peniel aliacha kunywa, chupa ikiwa bado mdomoni. Siku mbili alikuwa amembeba mtu huyu. Sasa ndipo alipohisi uzito wake.

"Na huyu ni nani wako?" mzee aliuliza.

"Abiria," Peniel alisema, akapanda kiberenge, akaenda kukaa mbele.