Kitasa cha Ndani

Karani wa ghala la chanjo alikutwa amekufa ndani ya chumba cha baridi, magoti kifuani, kucha zimevunjika. Chumba kile hufunguka hata kwa aliye ndani, ndivyo kilivyoundwa. Inspekta alikagua mlango upande wa ndani. Matundu manne ya skrubu, kitasa hakuna.

"Marehemu alikuwa kama binti yangu," meneja alisema, akijipangusa jicho kavu.

"Juzi binti yako aliiandikia wizara kwamba chanjo ziliharibika umeme ulipokatika, nawe ukaamuru zisambazwe hivyohivyo."

"Uzushi, afande!"

Inspekta aliomba jalada la kadi za kazi. Kadi ya mwisho ilijazwa kwa mwandiko wa mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu: kuondoa kitasa cha ndani, chumba cha baridi, saa nane mchana, agizo la meneja. Chini yake, saini ya fundi wa majokofu.

Mtu anaua, kisha anajaza fomu! Inspekta alishakamata wezi wa kuku wenye akili kuliko huyo.

Fundi, mzee mwenye mvi, aliketi wima kituoni.

"Mlango nani aliufunga?"

"Mimi. Meneja alimtuma binti akahesabu maboksi, akaniambia nifunge."

"Aligonga?"

"Aligonga sana. Akaniita mjomba."

"Ukafanya nini?"

"Nikampigia meneja. Akasema niachane naye, nirudi kazini."

"Ukarudi?"

"Kulikuwa na feni ya kutengeneza."

"Alikulipa ngapi?"

Fundi alikunja uso, kana kwamba ametukanwa. "Sijala hata senti! Miaka kumi na tisa bosi hanijui hata kwa sura. Wiki hii aliniita ofisini, akanikaribisha kiti. Akasema binti ni msaliti, mimi ndiye mtu wa kutegemewa."

"Kiti," Inspekta alisema. "Umemuua mtoto wa watu kwa kukaribishwa kiti. Chanjo ziko wapi?"

"Malori mawili, yameondoka asubuhi. Nilisaidia kupakia."

Koplo alikimbilia simu kuyazuia.

Meneja aliletwa na pingu mikononi. Hakuwa ameandika neno wala kugusa mlango, na alilijua hilo. Bila maelezo ya fundi kwa maandishi, angelala kwake.

Inspekta alimsukumia fundi karatasi. "Andika yote."

"Usiandike kitu," meneja alisema.

Fundi alishika kalamu. Akamtazama meneja, akamtazama Inspekta, akipima nani mkubwa.

Inspekta alichukua kofia yake ya cheo, akaivaa, akasimama.

"Andika!"

"Ndiyo, afande," fundi akasema, akaanza kuandika.