Mwanga wa Kupita Kiasi

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, kila mmoja akimpigia muuzaji kelele. Binti mwenye gauni la zambarau alisimama katikati yao, kakumbatia skrini ya kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Imefifia," alilalamika. "Nahariri picha za harusi, na siku hizi nabahatisha tu."

Nyuma yake, kijana aliyekuwa akichagua tepe za taa za LED akadakia. Kazi yake ilikuwa kufunga taa kwenye madirisha ya maduka, na skrini hakuwahi kufungua hata moja. Lakini mwanamume akishapendezwa, hakuna asichokijua.

"Ni taa zake za nyuma tu zimechoka, dada. Nitakuwekea mpya, kali zaidi."

"Kwani wewe fundi skrini?"

"Mimi fundi taa. Na hiyo ni taa yenye picha mbele yake."

Binti akacheka, na fundi kwisha habari yake.

Alimfuata binti hadi chumba chake cha kazi, akaifungua skrini mezani, akapanga tepe mstari kwa mstari na kuzilehemu. Alipowasha, binti alijikinga macho kwa kiganja.

"Jamani! Umeniletea jua ndani!"

Kidhibiti cha kupunguzia mwanga kilibaki mfukoni mwa fundi. Nani apunguze kitu kinachosifiwa hivyo?

Ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, jua langu?" "Bado, nakusubiri wewe." Wakapendana kweli, hata wakaanza kuzungumzia ndoa.

Kisha ikaja albamu ya harusi ya dada yake binti, picha kazihariri mwenyewe na kuzipeleka kwa mzee mmoja mchapishaji. Ilifunguliwa sebuleni mbele ya shangazi na wakwe, na kila ukurasa ulikuwa giza. Mama mtu akauliza, "Hawa walifungia ndoa pangoni?" Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Akatoka nje na simu.

"Mpenzi, kwenye skrini zilikuwa zinang'aa! Nimekosea wapi?"

Fundi alijua papo hapo. Skrini ilikuwa kali mno, na mwenzake, akiona kila picha imezidi kung'aa, alikuwa akizipunguza mwanga zote. Alikuwa aseme. Aibu ikamshinda.

"Labda... mashine ya yule mzee mchapishaji."

Binti akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyempa kazi yake ya kwanza, akamfokea mbele ya wateja. "Kama macho yamechoka, mzee, si upumzike!" Mzee alivua miwani, akaifuta.

Fundi aliposimuliwa hayo, akasukuma sahani pembeni. Simu ya binti ikaita, akaitazama tu. Ikaita tena na tena, kisha ukaja ujumbe: "Kama umepata mwingine, sema." Hapo akajiona si mtu. Akavaa viatu, akaenda kwa mchapishaji, na kutoka huko akapiga.

"Njoo kwa mzee. Tafadhali, kipenzi."

Alikuja kanuna, kavaa lile gauni la zambarau. Wateja walikuwa wamejaa, na fundi hakungoja watoke.

"Si macho ya mzee wala mashine yake. Ni taa zangu. Nilijua tangu siku uliponipigia."

"Ulijua, ukaniacha nimtukane baba wa watu?"

"Niliona aibu. Nilitaka uendelee kuniita jua."

Binti akapiga magoti mbele ya mzee huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, baba. Sikukuuliza hata swali moja."

"Nimewasamehe," mzee akasema. "Ila aibu ni yenu wote wawili. Gawaneni."

Waliporudi, fundi alifunga kidhibiti. Binti alishika picha aliyochapa mzee kando ya skrini, akielekeza. "Punguza. Tena. Hapo." Mwanga ulikuwa umezidi ule wa zamani kidogo tu, na sasa uso wa dada yake ulionekana kama ulivyotoka kwenye karatasi, giza tupu. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa. Tunaanza upya, picha zote."

"Halafu?"

"Halafu albamu utampelekea mama wewe mwenyewe, umweleze kilichotokea. Akikukaribisha ndani baada ya hapo, mwambie na lile la kunioa."

Fundi akakaa. "Utakuwepo?"

"Nitakuwa pembeni yako. Na mimi nina fungu langu la kumwambia."