Kitanda Kitupu

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia studio ya mjomba wake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu utotoni aliiga sauti ya kila mtu: muuza maziwa, mwalimu mkuu, hata bawaba za mlango wa jikoni zikilia. Mjomba alikuwa mpiga picha za video za harusi na mikutano. Kasuku alifagia, akakunja nyaya, kisha akavuta kiti na kumtazama akikata na kuunga picha kwenye kompyuta.

Muhula huo mwalimu wa Kiswahili aliwapa hadithi fupi. Msichana anaachiwa mdogo wake na kuagizwa achemshe maji ya kunywa. Anashikwa na uvivu, anampa mtoto maji yasiyochemshwa, halafu anamwambia mama yake kuwa aliyachemsha. Mtoto anaanza kuharisha. Kesho yake msichana anaporudi kutoka shuleni, anakuta kitanda kitupu. Mdogo wake amekimbizwa hospitali. Mwalimu alitaka hadithi hiyo isimuliwe mara mbili, kwanza kwa filamu, kisha jukwaani mbele ya wazazi, ili wanafunzi wapime wenyewe tofauti.

Mjomba alikubali kuwarekodi. Kasuku akawa yule msichana. Rafiki yake Kimya, ambaye maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, akawa mama. Walirekodi nyumbani kwa Kasuku, na kila alipokosea, Mjomba alisema tu, "Turudie." Alipofika kwenye kitanda kitupu, kamera ilisogezwa karibu kabisa na uso wake. Hakusema neno. Macho yalijaa machozi, mdomo ukatetemeka, basi.

Filamu ilipooneshwa darasani, hakuna aliyekohoa. Wengine walifuta macho kwa mikono ya sare. Kwa juma zima Kasuku alitembea kana kwamba ardhi haistahili miguu yake. Mazoezi ya jukwaani yalipoanza, aliona ni kupoteza muda. Si alikwisha kuigiza? Akamwambia mwalimu koo linamuuma, na kila jioni akaenda zake studio. Kimya akawa anasoma maneno ya mama na ya binti pia, ili mazoezi yasisimame.

Zikiwa zimebaki siku chache, mwalimu aliwaita wanafunzi wa madarasa mengine ukumbini wawe watazamaji wa majaribio. Kasuku alipanda jukwaani kifua mbele. Katika onyesho la kwanza tu maneno yalimtoroka, na kabla hajajizuia akasema kwa sauti, "Turudie." Ukumbi ukaangua kicheko. Alipofika kitandani, alifanya vilevile kama kwenye filamu: akasimama, akajaza macho machozi, akatetemesha mdomo. Kutoka nyuma kijana mmoja akamuuliza mwenzake, "Mbona amesimama tu? Amesahau tena?"

Alishuka uso ukimwaka. Mwalimu alipouliza kilichotokea, Kasuku alisema Kimya ndiye aliyemchanganya. Kimya alimtazama, akainamisha kichwa, akaanza kukunja shuka la kitandani. Mwalimu hakumgombeza mtu. Alisema kwamba kesho yake angeamua nani awe binti.

Kasuku alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba. Alimwomba amshawishi mwalimu wazazi waoneshwe filamu badala ya igizo. Mjomba aliwasha kompyuta, akamfungulia picha zote alizokuwa amerekodi kabla ya kuzikata. Kasuku akajiona akisahau maneno, akicheka katikati ya kilio, akitazama kamera kama mbuzi aliyeona gari. Kimya alikuwa pembeni akimnong'oneza sentensi baada ya sentensi. Picha ziliendelea mpaka Kasuku akaomba zizimwe.

"Hayo ndiyo niliyoyakata," Mjomba alisema. "Uliyoyaona darasani ni yale niliyoyaokota."

Kisha wakaenda shuleni, wakamwomba mlinzi awafungulie ukumbi. Mjomba alimkalisha Kasuku kwenye benchi la mwisho, yeye akapanda jukwaani na kusimama wima, akimwelekea. Baada ya muda akauliza, "Nilikuwa nafanya nini?"

"Sijui, Mjomba. Ulikuwa umesimama."

"Nilikuwa nalia, mama. Nimelia mpaka shingo imeniuma."

Kasuku alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Mjomba akaja kukaa naye. Alimweleza kuwa kamera humchukua mtazamaji na kumweka pua kwa pua na mwigizaji, hata ukope ukicheza unaonekana. Jukwaani mtazamaji habanduki kwenye kiti chake. Ni mwigizaji anayepaswa kumfuata huko aliko, kwa sauti, kwa mikono, kwa namna anavyotembea. "Na bibi yako atakuja," akaongeza. "Macho yake unayajua."

Asubuhi Kasuku alimfuata mwalimu kabla ya kengele. Alikiri kwamba koo lake lilikuwa zima siku zote na kwamba Kimya hakumchanganya. Kisha akamtafuta Kimya mwenyewe, akamwomba radhi. "Nilichoka kuwa watu wawili," Kimya akasema. "Njoo tufanye mazoezi."

Mwalimu alimwacha ajaribu, lakini alisema wazi kuwa akilegea nafasi ingekwenda kwa mwingine. Hakulegea. Kimya alikaa benchi la mwisho, akainua mkono kila sauti ya Kasuku ilipokosa kumfikia. Kwenye kitanda kitupu walijaribu njia nyingi, mpaka wakakubaliana: angeokota kiatu kidogo cha mtoto sakafuni, akiinue juu kila mtu akione, kisha akikumbatie na kumwita mdogo wake.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Bibi alikaa katikati, ameegemea fimbo yake. Igizo lilikwenda vizuri. Kasuku aliingia mbio, mfuko wa shule begani, akainama kuokota kiatu. Hakikuwepo. Kwenye pilikapilika za kupanga vitu, kilisahauliwa nyuma ya pazia.

Hakukuwa na wa kusema turudie. Alimwona Kimya upande wa pazia amejishika mdomo. Lakini mwili wa Kasuku ulikuwa umekwisha kuuzoea ule msiba. Magoti yalishuka yenyewe kando ya kitanda. Aliweka kiganja juu ya godoro, akakipitisha taratibu kutoka upande wa kichwa hadi miguuni, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho:

"Bado kuna joto."

Halafu sauti ya Bibi ikapanda kutoka katikati ya watu, "Pole, mwanangu." Wengine wakaitikia chini kwa chini, pole, pole, na Kasuku akalia bila kujilazimisha.

Jioni hiyo mama yake, muuguzi aliyekuwa zamuni na hakuweza kuja, alitazama filamu kwenye simu. Alirudia mara kadhaa pale penye uso. Bibi naye, aliyekuwa ameketi karibu na asione kitu kwenye kioo kidogo, alisema yeye anatosheka na ile ya ukumbini.

Darasani wanafunzi walibishana ipi ni bora. Mmoja alisema filamu, kwa sababu inahifadhiwa na kumfikia aliye mbali. Mwingine alisema igizo, kwa sababu watazamaji walijibu na wakajibiwa. Mwalimu aliwaacha mpaka wakaishiwa hoja.

"Zote ni njia za kusimulia," akasema. "Kila moja ina lugha yake, na asiyejifunza lugha hiyo hataeleweka. Lakini zote zinadai jasho. Kwenye filamu, kazi uliyoikwepa wewe kuna mtu anaifanya nyuma yako. Jukwaani, uliyoikwepa inakungoja mbele za watu. Kazi haipotei kwa kukwepwa."

Kasuku aliinua mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, ile filamu haikuwa yangu peke yangu."

"Hata lile igizo," mwalimu alisema.

Kasuku aligeuka kumtazama Kimya. Safari hii Kimya hakuinamisha kichwa.